Sauti ya Mchinjaji

Kwa zaidi ya miaka thelathini mimi ndiye ninayeitwa kuchinja katika shughuli za mtaa wa Mabwerebwere, hapa Kilosa mjini. Sikuiomba kazi hiyo. Aliyekuwa akiifanya kabla yangu alianza kutetemeka mikono, watu wakaniona nina kisu kikali na sina haraka, basi nikawa mimi. Mengine yangu ni ya kawaida. Nalima mahindi na mpunga kidogo upande wa Magole, nina mke mmoja asiyeishiwa maneno, na nina magoti yanayojua habari za mvua kabla ya redio.

Asiyetoka kwetu inabidi aelezwe jambo moja. Mkristo wa hapa akiwa na harusi, kipaimara au msiba, mnyama hamchinji mwenyewe hata kama anajua kuchinja. Anamwita Mwislamu. Hakuna sheria iliyobandikwa ukutani. Ni kwamba majirani zake wengi ni Waislamu, na yeye hataki kupika sufuria mbili uani kwake, hii ya hawa na ile ya wale. Sufuria ikiwa moja, maneno nayo yanapungua. Kwa hiyo nimekula pilau ya harusi za kanisani pengine zaidi ya wazee wengi wa kanisa. Haki yangu ni shingo, na shingo ya ng'ombe si haba.

Kazi hii ina sauti yake. Mchinjaji humwelekeza mnyama kibla, humtaja Mungu, hukata. Lakini kwenye shughuli kuna spika zinazojaribiwa, kuna watoto, kuna wapishi wanaogombania kuni, na Mwislamu aliyekaa barazani mbele ya nyumba anataka kuwa na hakika na atakachokula. Ndiyo maana mimi nilikuwa naita. "Bismillahi! Allahu Akbar!" Watu walisema sauti yangu inafika relini. Nilijivunia jambo hilo, sifichi. Katika mtaa wetu yupo mama mmoja mzee, mjane, ambaye kwenye shughuli yoyote wanawake wa Kiislamu hawanawi mikono mpaka yeye anawe. Yeye hakuwahi kuja uani kuangalia. Alikuwa akinisikia tu kutoka alikokaa, na hicho ndicho kilikuwa cheti changu.

Jirani yangu wa ubavuni ni fundi seremala, Mkristo. Babu yake alivuka Ruvuma enzi za mkonge, akaja kufanya kazi kwenye mashamba ya huku, akazikwa hukuhuku. Ukoo haukukata mguu kwenda kwao, ndiyo maana dada mdogo wa fundi alikwenda kuolewa ng'ambo, kwenye kijiji kimoja cha wakulima wa korosho. Tulimsindikiza mpaka stendi kwa vigelegele. Miaka ikapita. Habari za upande ule tukazisikia kama kila mtu alivyozisikia, redioni, kati ya bei za mazao na mpira. Watu wenye bunduki na mapanga wanaingia vijijini, wanasema wanapigania dini. Nikasema wapumbavu hao, nikazima redio, nikaenda shamba.

Masika yalipokwisha mwaka ule, dada yule akarudi. Alikuja na kifurushi kimoja kilichofungwa kwa kitenge. Hatukumhoji, kwa sababu fundi alituomba tusimhoji. Fundi mwenyewe aliniambia sentensi moja, pale kwenye benchi lake la kupigia randa: "Shemeji wamemuua, mzee, kwa sababu ni Mkristo." Kisha akaendelea na randa.

Sasa mtu akirudi kutoka mahali kama hapo unamfanyia nini? Kwetu unamchinjia. Mgeni njoo mwenyeji apone. Fundi akatafuta mbuzi, mke wangu na wenzake wakaja na mchele na nazi, na mimi nikaitwa, kwa sababu fundi alitaka mtaa mzima ule pamoja na dada yake. Alitaka aone kwamba huku hatuulizani wewe dini gani. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Nimejiuliza mara nyingi ni nani alipaswa kufikiri, na jibu ni sisi sote, mimi nikiwa wa kwanza. Tulimpa heshima ileile tunayompa kila mtu, yote, bila kupunguza kitu, na kosa lilikuwa humohumo.

Ilikuwa Ijumaa. Nilitoka msikitini moja kwa moja, nimevaa kanzu na kofia. Mbuzi akalazwa, nikapiga magoti, nikashika kisu, nikaita kwa ile sauti yangu, nikakata. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, hatua nne tu kutoka nilipo, ameshika sinia la vitunguu.

Hakupiga kelele. Sinia lilianguka, na tulipoinua macho hakuwepo. Tulimkuta kwenye stoo ya fundi, nyuma ya mbao, amejikunja, nguo imelowa, anasema maneno kwa lugha ya kwao ambayo hata kaka yake alikuwa ameisahau nusu. Mke wangu aliposogea alimng'ang'ania. Niliposogea mimi aliziba masikio kwa viganja vyake. Nilitazama chini nikaona kisu bado kiko mkononi. Mtu mzima na akili zangu, nimemfuata mjane stoo na kisu chenye damu.

Wapishi waliambiwa ni presha. Wengine wakasema ni mapepo ya huko kusini, na fundi akaona afadhali wabaki na hilo la mapepo kuliko kuueleza mtaa mambo ya dada yake. Chakula kililiwa, kwa ukimya. Shingo yangu ililetwa nyumbani, nikamwambia mke wangu aigawe.

Ukweli ni kwamba wiki ile sikumhurumia. Nilijihurumia mimi. Miaka yote ile nimechinja kwa ajili ya Wakristo, nimeacha shamba langu nikahudumia harusi zao, halafu leo mtu ananitazama kama muuaji. Nikalalamika nyumbani mpaka mke wangu akachoka.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," akasema.

"Kwa hiyo mimi ndiyo ung'ongo?"

"Ulitaka uwe nyoka?"

Nikachukua jembe nikaenda shamba.

Njia ya kwenda bombani inapita mlangoni kwangu. Yule dada akaacha kuipita. Nilimwona akizunguka na ndoo yake kwa nyuma, kupitia kwenye vichaka vya mto, njia ndefu mara tatu. Nami nikaanza kuondoka kwenda shamba mapema kuliko kawaida ili njia ibaki wazi. Wala haukuwa wema. Niliona haya kumwona akizunguka. Lakini alizunguka vilevile, maana hakujua kama nimeondoka au niko ndani. Mwezi haukwisha, fundi akampeleka Mikumi kwa shangazi wa mkewe, mwenye mgahawa kando ya barabara kuu, akakae huko aoshe vyombo. Siku walipoondoka nilihisi nafuu, na nafuu yenyewe ikanikera.

Miezi kadhaa baadaye binti yangu, ambaye ameolewa Mikumi, akajifungua, nikaitwa kuchinja mbuzi wa akika ya mtoto. Nilipanda gari la asubuhi linalopita kijiji cha Ulaya, nikashuka barabarani kwenye malori. Mkwe wangu alikuwa hajafika. Nilikuwa na njaa, nikaingia mgahawa wa kwanza niliouona una moshi. Nikapita nyuma kutafuta maji ya kunawa, na pale kwenye karai, katikati ya masufuria, alikuwa yeye.

Aliinuka. Mimi nikasimama nilipo. Kati yetu palikuwa na karai na kuku wawili wanaookota wali. Nikainua mikono yote miwili kama mwizi aliyekamatwa, nikasema, "Sina kisu."

Ulikuwa uongo. Kisu cha akika kilikuwa kwenye mkoba begani, kimeviringishwa kwenye taulo.

Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Tangu siku ile sijakuamkia. Nisamehe."

Alikuwa ananiomba radhi yeye. Nikavuta kigoda nikakaa mbali kidogo na karai. Akarudi kusugua masufuria, na akiwa anasugua, bila kuinua uso, akanieleza. Walikuja mchana kweupe, watu wakiwa wanachambua korosho. Katika kijiji chao palikuwa na mzee aliyefundisha watoto Kurani. Mzee huyo aliwasukuma wanawake wa Kikristo ndani ya ghala lake, akawafunika kwa magunia, akakaa mlangoni na tasbihi yake. Mume wake hakuwahi kufika ghalani, walimshika njiani, wakamleta palepale. Wakamuuliza mzee Wakristo wengine wako wapi. Akasema hajui. Wakamwambia yeye ni kafiri kuliko hao anaowakingia kifua, wakaanza naye. Kisha mume. Dada wa fundi aliyasikia yote akiwa chini ya magunia.

"Na kila mara walikuwa wanasema yale maneno," akasema. "Kwa kelele. Kama watu wanaoshangilia goli."

"Yale ni maneno yangu!" nikasema. Nilisema kwa ukali, maana mkono wake ulikoma kusugua. "Nimesomewa sikioni siku niliyozaliwa. Kesho nitamsomea mjukuu wangu. Nani amewapa hao ruhusa?"

Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata siku niliyoisikia habari ile redioni. Siku ile ilikuwa habari ya watu. Pale kwenye karai niliona nimeibiwa, na kilichoibwa kimetumika kuua.

"Najua, baba," akasema. "Akili yangu inajua. Ila nikisikia, miguu inakimbia yenyewe."

"Na adhana?"

"Adhana nimeizoea tena. Inatoka juu, mbali. Yako ilitoka chini, pamoja na kisu."

Nikamuuliza jina la yule mzee. Akanitajia. Hapa sitaliandika, lakini tangu siku hiyo nimelitaja katika dua, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kutaja, nimemtaja na mume wake, ingawa wapo watakaoniambia kumwombea Mkristo hakumo kwenye dini. Wakitaka waje waniambie.

Kisha akaniomba jambo. Kumbe alikuwa amelifikiria siku nyingi, akakosa wa kumwambia. Alitaka kufanya matanga. Mume wake hakufanyiwa matanga, na hakuna aliyeambiwa pole, kwa sababu waliobaki wote walikuwa porini wanakimbia. Yule mzee naye hakusomewa hata Fatiha moja. Alitaka kuyafanya Kilosa, nyumbani kwa kaka yake, mara moja kwa wote wawili.

"Kwa hiyo lazima Waislamu wale," akasema. "Wasipokula, yule mzee atakuwa na nani?"

Nikamwambia basi jambo ni rahisi, fundi anunue nyama buchani, imeshachinjwa, yeye hataona wala kusikia kitu. Akatikisa kichwa. "Kaka yangu ana watoto wanne. Wataoa, wataolewa. Kila shughuli nitakuwa nakimbilia Mikumi? Uchinje wewe, palepale uani. Mimi nitakaa ndani. Ila baba, usiite."

"Naweza kupunguza."

"Utaweza? Kaka anasema inafika relini."

Mkwe wangu alinikuta nimekaa na mfanyakazi wa mgahawa kwenye kigoda, akafikiri nimepotea njia.

Niliporudi Kilosa nilimwendea imamu. Akaniambia sheria inataka jina la Mungu litajwe, haitaki lipigiwe baragumu, na kwamba ulimi ukitamka na mwenyewe ukasikia inatosha. Basi nikaanza kujifunza. Mtu akisikia hivyo atacheka, lakini jambo ulilolifanya kwa namna moja miaka thelathini halikubali kubadilishwa kwa siku moja. Pumzi inapanda yenyewe. Nilianzia na jogoo wangu mwenyewe, nyuma ya jiko. Mke wangu alikuwa anachagua mchele mlangoni.

"Umesema?" akauliza.

"Nimesema."

"Mbona sijasikia?"

"Hukuambiwa wewe. Ameambiwa Mungu."

Akasema yeye hali. Jogoo mzima nikala mimi, siku mbili. Baada ya hapo nilimweleza sababu, akanyamaza, na kwa mke wangu kunyamaza ni jambo kubwa. Lakini alikuwa ameshakwenda bombani asubuhi ile akawachekesha wenzake kwamba mzee siku hizi anammeza Mungu na mate. Kutoka bombani maneno yakaenda sokoni, na yaliporudi yalikuwa yamenenepa: Wakristo wamemkataza mchinjaji kutaja jina la Mungu kwenye mbuzi wao. Mtu mmoja akanisimamisha nje ya msikiti akitaka kujua kama ni kweli. Nilipaswa kumweleza vizuri, na uvumi wa mtaa mzima ungekwisha pale. Lakini ningemweleza nini bila kueleza habari za stoo na nguo iliyolowa? Siri haikuwa yangu. Nikamwambia anayetaka sauti anunue redio. Hasira hasara, kesho yake habari ikawa imethibitishwa.

Siku ya matanga nilikwenda mapema, jua bado halijawa kali, kabla wageni hawajaja na kelele zao. Sikuvaa kanzu. Nilivaa shati la kazi, na kisu nilikiacha ndani ya ndoo mpaka dakika ya mwisho. Fundi alikuwa amekwenda kuazima mabenchi kanisani. Mke wangu na wapishi walikuwa upande wa pili wa nyumba, wanachochea moto. Nikamlaza mbuzi, nikamfunga miguu mitatu, nikatafuta mtu wa kunishikia.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka yeye. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni.

"Nitashika mimi," akasema.

"Si tulikubaliana ukae ndani?"

Akapiga magoti upande wa pili, akashika miguu ya mbuzi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka mbuzi naye akawa anatetemeka. Nilingoja. Alifumba macho, akayafumbua, akanitazama mdomoni. Nikatoa kisu, nikasema maneno, kwa sauti ya mtu aliyekaa karibu na mwenzake, nikakata. Alibaki pale. Damu ilipokwisha aliachia miguu, akainuka, akaenda nyuma ya choo akatapika, akarudi, akauliza ngozi iwekwe wapi.

Watu walikuja. Walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, kwa sababu matanga ya pamoja ya Mkristo na mwalimu wa Kurani, wote wawili waliofia ng'ambo, yalikuwa jambo jipya, na kwa sababu maneno ya sokoni yalikuwa yameleta na wenye macho ya kuchungulia. Mzee wa kanisa akaomba. Wanaume tukakaa kwenye mabenchi, wanawake mikekani. Masinia yakatoka, wali na nyama, moshi unapanda. Maji ya kunawa yakapitishwa, yakafika kwa yule mama mzee. Hakunyoosha mikono.

"Samahanini," akasema. Ana sauti ndogo lakini hakuna asiyeisikia. "Mimi leo sikusikia. Nani alisikia?"

Wanawake wote wa Kiislamu wakarudisha mikono kwenye khanga zao. Upande wetu pia mabenchi yakatulia. Kisheria swali lile halikuwa na kazi. Nyama aliyochinja Mwislamu huliwa bila kuchunguzwa, na yeye analijua hilo kuliko mimi. Lakini alikuwa amesikia maneno ya mtaani, na kwa umri ule haogopi mtu.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Nilisema mwenyewe, kwa ulimi wangu."

"Marahaba. Wewe ndiye mchinjaji, huwezi kuwa shahidi wako."

"Mume wangu hasemi uongo," mke wangu akadakia.

"Ya mume tumwachie mke. Ulikuwepo?"

Mke wangu akatazama chini. Hakuwepo. Fundi alisimama na birika mkononi, uso umempauka, maana aliona yanayokuja: masinia yakirudishwa jikoni yamejaa, mbele ya mtaa mzima, siku ya matanga ya shemeji yake. Watakula wenyewe Wakristo, na yule mzee wa ghalani hatakuwa na mtu. Niliona uchungu ambao sikuwa nimeuona tangu nimzike mama yangu. Na kosa lilikuwa langu, kwa ule ulimi wangu wa kumwambia mtu anunue redio.

"Mimi nilisikia."

Yule dada alikuwa amesimama mlango wa jikoni na upawa. Watu wakageuka.

"Nilishika miguu ya mbuzi," akasema. "Tulikuwa wawili tu."

Yule mama alimtazama kwa upole, maana hakuwa na ubaya naye. Akamuuliza kama ambavyo mtu yeyote angeuliza. "Ulisikia anasema nini, mwanangu?"

Nikasimama. Nilitaka kusema basi, yaishe, rudisheni masinia. Ni mimi, kaka yake na mke wangu tu tuliojua ni kitu gani alichokuwa ameulizwa. Wengine wote walikuwa wanasubiri jibu jepesi.

"Alisema Bismillahi," akasema, akakwama. Akaweka upawa chini, akafuta mikono kwenye khanga, mara mbili, mara tatu. "Akasema Allahu Akbar. Alisema polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikukatika. "Wale waliomuua mume wangu na mwalimu walikuwa wanayapigia kelele. Mimi ndiye niliyemwomba baba huyu asiite. Alisema. Nilikuwa namtazama mdomo."

Yule mama mzee alibaki ameweka mkono kinywani, na nilimwona akielewa, kidogo kidogo, alichokuwa ameuliza na aliyemuuliza.

"Astaghfirullah," akasema. "Mwanangu, ningejua nisingekuuliza."

"Afadhali uliuliza, mama. Wasingekula."

Yule mama akanyoosha mikono, fundi akamimina maji. Akanawa, akavuta sinia, akala tonge la kwanza na kipande cha nyama juu yake, akitazamwa na mtaa mzima. Mikono yote ikafuata. Walipomaliza alimwita yule dada akae kando yake, akamuuliza jina la mwalimu na jina la mume, akayasema kwa sauti, na sisi Waislamu tukamsomea mwalimu Fatiha, na Wakristo wakamwimbia mume wimbo mmoja, mrefu kidogo kwa maoni yangu.

Kisha watu wakaanza kutoka, na kila aliyetoka alipita kwake. "Pole kwa msiba, mama." "Nimeshapoa." "Pole kwa msiba, dada." "Nimeshapoa." Alisimama wima akiipokea pole ambayo alikuwa hajawahi kuambiwa na mtu yeyote tangu afiwe, na akamjibu kila mmoja. Nilikuwa wa mwisho. Nikamwambia kama walivyomwambia wengine. Hakunijibu. Alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akaukandamiza, akainamisha kichwa juu yake, akakaa hivyo. Adhana ya alasiri ikaanza msikitini, nikajua nitachelewa. Sikuuvuta mkono.